Vumilia, Karibu Tunafika: Nani Ana Ruhusa ya Kutoa Dawa ya Maumivu Baharini?

Tuseme ni mwezi wa Julai, kusi limeshika kasi, na mashua inafunga gati pale Mtangawanda, kisiwani Pate. Kijana anaweka mguu ukingoni aruke na kamba. Wimbi linainua chombo, mguu unabanwa kati ya mbao na saruji, na mfupa wa chini ya goti umekwenda. Nahodha hasubiri kuambiwa. Kamba inafunguliwa, mashine inawashwa, safari ya kwenda hospitali Lamu imeanza. Lakini maji yanatoka, tena ni bamvua, na Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakishapwa haupitiki. Itabidi wangoje yajae, au wazunguke nje ya Manda kwenye bahari kubwa. Wanazunguka. Kila chombo kinapopiga wimbi, kijana anapiga ukelele.

"Vumilia mwanangu, karibu tunafika," anaambiwa. Hata Manda bado hawajaiona.

Chini ya benchi kuna sanduku la huduma ya kwanza, na mmoja wa mabaharia ni mwokoaji wa kujitolea aliyepitia mafunzo. Ndani ya sanduku mna bendeji, glavu na parasetamoli. Mama mmoja abiria ana vidonge vya diklofenaki alivyoandikiwa kwa ajili ya mgongo wake, na anavitoa kwa moyo mweupe. Mwengine anakumbuka kuwa nyumbani kwao kuna chupa ya morfini iliyobaki tangu mzee wao alipofariki kwa saratani, laiti wangeipitia! Sasa, mwokoaji huyu anaruhusiwa kumpa kijana nini?

Barazani swali hili hujibiwa kwa namna mbili. Wako wanaosema mpe chochote, huyo ni binadamu anaumia. Na wako wanaosema usimguse, akikufia utafungwa wewe. Nimewahi kuwa upande wa kwanza, kisha nikahamia wa pili baada ya kusikia hadithi za kutisha ambazo hakuna aliyeweza kuzithibitisha. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinadhani kutoa dawa ni jambo moja.

Kisheria ni mambo matatu yaliyofungwa kamba moja. Kwanza ni kuwa na dawa: nani anaruhusiwa kuishika, kuiweka mfukoni au sandukuni. Halafu ni kuamua: nani ana elimu na mamlaka ya kusema mgonjwa huyu, kwa hali hii, apewe dawa hii kwa kipimo hiki. Mwisho ni ule mkono unaoitia mdomoni au mwilini. Hospitalini kazi hizo zimegawanywa: mfamasia anatunza, daktari anaandika, muuguzi anatoa. Mashuani zote tatu zinamwangukia mtu mmoja mwenye miguu iliyolowa, ndiyo maana anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

Parasetamoli haina shida kubwa kwenye lile jambo la kwanza. Inauzwa dukani kwa Mpemba na Mbajuni bila kuulizwa karatasi, kwa hiyo mwokoaji kuwa nayo sandukuni si kosa. Mtu mzima hupewa vidonge viwili vya miligramu 500, na kwa saa 24 asipite vidonge vinane. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, wala si kwa kukata kidonge kwa macho. Inachukua kama nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi, hivyo anayengoja mpaka mgonjwa aanze kupiga kelele ameshachelewa. Kabla ya kumpa, aulizwe amekunywa nini leo. Vidonge vingi vya kichwa na mafua vya madukani vina parasetamoli ndani yake, na vingine vimechanganywa na asprini; mtu anaweza kuzidisha kipimo bila kujua kwamba ni dawa ileile kwenye karatasi tofauti.

Diklofenaki ya yule mama ni mlango mwingine kabisa. Aliandikiwa yeye, kwa mgongo wake, na mtu aliyemuuliza habari za tumbo na figo zake. Diklofenaki, ibuprofeni na asprini ziko jamaa moja: zinaweza kuongeza kutoka damu, kuchoma tumbo lenye vidonda, na kuumiza figo za mtu aliyekaukiwa na maji. Mtu aliyepigwa jua siku nzima baharini, aliyevunjika, ambaye huenda damu inavuja ndani asikokuona mtu, ndiye hasa asiyefaa kujaribiwa. Mama ashukuruwe, vidonge virudi mkobani.

Hapo hatujafika kwenye morfini.

Kenya ina sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya, na morfini imo ndani yake sambamba na heroini. Mtu kupatikana nayo bila idhini ni kosa la jinai, nia yake iwe njema namna gani. Sheria hiyo imeacha milango michache: wenye leseni, madaktari, madaktari wa meno, wa mifugo na wafamasia wanaoishika kwa matibabu, na mgonjwa aliyeipata kwa agizo halali la daktari. Mlango huo wa mwisho watu huusahau. Mzee wa Faza mwenye saratani anayesafiri na chupa yake ya morfini yenye jina lake havunji sheria yoyote, na mwokoaji akimsaidia kufungua kizibo ili anywe kipimo kilichoandikwa, amemsaidia mgonjwa kutumia dawa yake mwenyewe. Lakini chupa hiyohiyo mzee akishafariki haina mwenyewe. Hairithiwi kama shamba. Inatakiwa irudi hospitalini, na kumnywesha kijana aliyevunjika mguu ni kosa juu ya hatari.

Hatari yenyewe ni hii. Morfini hupunguza maumivu na pia hupunguza pumzi. Hospitalini yuko mtu wa kuhesabu pumzi hizo, ipo oksijeni, ipo naloksoni ya kuizima dawa ikizidi. Isitoshe, morfini huleta kichefuchefu. Mtu amelazwa chali kwenye chombo kinachoyumba, amefungwa mguu, kalewa usingizi, kisha anatapika: matapishi yanaingia mapafuni. Waliokuwa wanamhurumia kwa maumivu sasa wanamwona anakakamaa.

Wapo wanaoona sheria hii ni kali kupita kiasi. Mimi siwaungi mkono moja kwa moja, kwa kuwa nimekulia pwani. Malindi na Lamu tunaijua kazi ya unga. Kila mtaa una nyumba inayoweza kuhadithia. Dawa inayotuliza mfupa uliovunjika ni binamu wa ile iliyovunja nyumba hizo, na sanduku lisilo na kufuli kwenye mashua inayolala ufukweni halikai siku mbili.

Kuna wanaokimbilia Katiba. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inaeleza kuwa matibabu hayo yanaanzia kabla ya hospitali: huduma ya njiani, kumtuliza mgonjwa hali isizidi kuharibika, na kumpangia rufaa. Taasisi ya afya inayoweza kumhudumia mtu wa dharura ikakataa inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Maneno mazuri hayo. Ila soma tena yanamzungumzia nani. Haki ni ya mgonjwa, na wajibu uliowekewa faini ni wa taasisi ya afya. Hakuna mstari unaosema kwamba, kwa vile mgonjwa ana haki ya kutibiwa, basi baharia amekuwa daktari. Kijana wetu ana haki ya kupata huduma njiani. Haki hiyo haimpi mwokoaji leseni ya kushika morfini. Watu wengi, hata waliosoma, huliruka pengo hili bila kuliona.

Na je, yule wa "usimguse, utafungwa"? Huyo asomewe Kanuni ya Adhabu, sura ya 63. Kifungu cha 218 kinamtaka anayejitwika kazi ya kumtibu mwenzake awe na ujuzi wa kutosha na atumie uangalifu wa kutosha. Lakini kifungu chenyewe kina maneno machache yaliyopachikwa katikati: isipokuwa katika hali ya dharura ya lazima. Sheria ilijua kwamba iko siku mtu asiye daktari atalazimika kuweka mkono. Kisha kuna kifungu cha 243, kinachoadhibu uzembe unaohatarisha maisha, na kwa watu wa bahari orodha yake inafurahisha kidogo: mwenye kuongoza chombo cha majini kizembe, mwenye kumtibu mtu kizembe na mwenye kumpa mtu dawa kizembe wamepangwa pamoja, katika kifungu kimoja. Nahodha yeyote anaelewa maana yake bila wakili. Chombo kikipinduka kwa dhoruba, haulizwi kwa nini dhoruba ilikuja. Anaulizwa alipakia watu wangapi, na jaketi za kujiokolea zilikuwa wapi. Mwokoaji naye haulizwi kwa nini mgonjwa aliumia. Anaulizwa alimpa nini, kiasi gani, na kwa nini alidhani anajua.

Kwa hiyo kumfunga mguu vizuri na kumpa parasetamoli kwa kipimo chake hakumpeleki mtu jela. Kumchoma sindano uliyonunua kwa kificho kunaweza.

Tutoke ufukweni sasa, maana bahari ina sheria zake. Mkataba wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji baharini wa mwaka 1979 unaeleza uokoaji ni nini: kuwatoa watu hatarini, kuwapatia mahitaji yao ya mwanzo ya kitabibu au mengineyo, na kuwafikisha mahali salama. Yaani kwa maana ya mkataba, mtu uliyemvuta kutoka majini ukamwacha anaungulika sakafuni mwa boti hujamaliza kumwokoa. Hapa kwetu kazi hiyo huratibiwa kutoka kituo cha uokoaji cha Mombasa, chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na tangu 2018 kuna pia Walinzi wa Pwani. Lakini anayefika wa kwanza, mara nyingi, ni mvuvi aliyekuwa karibu.

Meli kubwa zimepangiwa vizuri. Mkataba wa kazi za baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unazitaka zibebe sanduku la dawa na kitabu cha tiba. Meli yenye watu 100 au zaidi, ambayo kwa kawaida husafiri zaidi ya siku tatu kwenda nchi za nje, iwe na daktari. Isiyo na daktari iwe na baharia aliyefunzwa kutoa dawa, na kila serikali ihakikishe kuna daktari wa kuulizwa kwa redio au setilaiti, saa yoyote, bila malipo, meli iwe ya bendera ipi. Kazi hiyo ina historia ndefu: kituo cha CIRM cha Roma kimekuwa kikitoa ushauri wa namna hiyo tangu 1935. Hata mkataba wa dawa za kulevya wa 1961, katika kifungu cha 32, unazikubalia meli za safari za kimataifa kubeba kiasi kidogo cha dawa hizo kwa huduma ya kwanza bila kuhesabiwa kuwa zinasafirisha mihadarati.

Basi baharia wa meli ya makontena inayotia nanga bandari mpya ya Lamu anaweza kumpa mwenzake dawa kali kwa maelekezo ya daktari aliye Ulaya, na yuko ndani ya sheria. Mwokoaji wa Pate anayepita ubavuni mwa meli hiyo hawezi. Kwa nini? Kwa sababu mkataba wa 2006 umeviweka kando vyombo vya uvuvi na, kwa kutajwa kabisa, vyombo vya jadi kama jahazi. Waliouandika walikuwa na sababu zao. Lakini sisi tulio humo ndani ya jahazi tunaona kwamba dunia ilituwaza kwa mstari mmoja tu, na mstari wenyewe ni wa kututoa.

Hata hivyo kuna kitu cha kuiga hapo, na hakihitaji mkataba: kutenganisha kuamua na kutoa. Baharia wa meli hajifanyi daktari. Anaeleza anachokiona, daktari anaamua, yeye anatekeleza. Mashua yenye redio inaweza kuita kwa chaneli 16 ya VHF; penye mtandao wa simu, mwokoaji anaweza kumpata afisa wa afya hospitalini, au Msalaba Mwekundu kwa 1199. Haimpi haki ya kushika asichoruhusiwa, lakini inamwondolea mzigo wa kuamua peke yake kwa kilichomo sandukuni. Tena hospitali inajua mtu anakuja.

Wenzetu wa Uingereza wamelifungua fundo hili kwa njia yao. Tangu 1824 wana taasisi ya boti za uokoaji, RNLI, inayoendeshwa zaidi na watu wa kujitolea: wavuvi, walimu, wauza duka. Kanuni zao za dawa za 2012 zina jedwali la wasamehewa, na ndani yake imetajwa taasisi hiyo kwa jina, pamoja na watoa huduma ya kwanza wake wenye cheti. Wameruhusiwa kutoa dawa ambazo kwa kawaida hutaka wataalamu, kwa kadiri tu inavyohitajika kumtibu mgonjwa au majeruhi. Waokoaji wa milimani wenye cheti nao wana msamaha wao. Tazama ulivyoshonwa: haumsamehi kila mwenye moyo mwema, unamsamehe mwenye cheti fulani, wa chombo fulani, akiwa kazini. Upande wa pili, kanuni hizohizo zinamruhusu mtu yeyote kuchoma sindano chache za kuokoa maisha katika dharura, kama adrenalini na naloksoni. Morfini haimo. Sheria yao imeona kifo ni dharura ya kila mtu, ila maumivu yana wenyewe. Sikubaliani nalo moyoni, ingawa akilini naelewa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Dawa mashuhuri ya boti zao ni gesi: nusu oksijeni, nusu nitrasi oksaidi. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa anaishika barakoa mwenyewe. Akianza kusinzia mkono unalegea, barakoa inaanguka, na dawa inakatika yenyewe bila mtu kuamua. Katika dakika chache baada ya kuacha kuivuta, imeshamtoka. Ina masharti yake. Haipewi mpiga mbizi wa mitungi ya hewa aliyepanda juu haraka, mfano mtalii wa Malindi mwenye maumivu ya viungo baada ya kuzamia, kwa kuwa gesi hiyo huvimbisha mapovu yaliyomo mwilini. Na mtungi ukipoa chini ya nyuzi 6 hasi gesi mbili hizo hutengana, jambo ambalo watu wa Shela, kisiwani Lamu, wanaweza kulisahau kwa amani. Nchi hiyohiyo, Novemba 2023, iliifanya gesi hii kuwa dawa haramu ya daraja la C kwa anayeivuta kwa starehe. Mitaani ni kosa, botini ni huruma, na kinachotenganisha ni karatasi.

Kwetu njia hiyo haijafungwa. Ile sheria ya 1994 imetaja leseni, na gesi ya kujishikia mwenyewe ina hatari ndogo kuliko sindano. Lakini mwenye kuiomba awe chombo kinachojulikana, chenye daktari anayekisimamia, kabati la kufuli, daftari la kuingia na kutoka, na orodha ya waliofunzwa na lini. Kikundi kinachojulikana kwa jina la nahodha wake tu hakitapewa, na nadhani kisipewe.

Kabla ya leseni yoyote, maumivu mengi hupungua bila dawa, na hili waokoaji hulipuuza kwa sababu halionekani kama tiba. Mguu uliovunjika unauma zaidi kwa kuchezacheza. Banzi mbili za mti au kasia, kanga zilizokunjwa kujaza nafasi, mafundo juu na chini ya palipovunjika, kisha mguu mbovu ufungwe na mzima: hapo ukelele unageuka kuwa mguno. Aliyechomwa na mwiba wa taa, hongwe au tafi atumbukize mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, kama nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mwenye kuyapima atie mkono wake kwanza, kwa kuwa mguu unaouma haujui moto. Aliyelowa avuliwe nguo mbichi na afunikwe. Aliyezimia, anayetapika, au aliyegongwa kichwa na kuchanganyikiwa asitiwe kitu mdomoni, hata maji. Na nahodha apunguze mwendo. Kwa mtu mwenye mfupa uliovunjika, mashine iliyopungua kidogo ni nusu ya dawa.

Turudi kwa kijana wetu. Yuko macho, hatapiki, hakugonga kichwa, hajanywa dawa yoyote tangu asubuhi. Ameulizwa kama anataka parasetamoli, amesema ndiyo. Amepewa vidonge viwili kwa funda la maji. Mguu umefungwa kasia. Mbele ya Shela simu imeshika mtandao, na hospitali imeambiwa. Mwokoaji hana karatasi, kwa hiyo ameandika nyuma ya pakiti ya biskuti: saa nane na dakika ishirini, parasetamoli, viwili vya 500, vidole vya mguu vina joto.

Gatini kijana anapakuliwa kwa ubao. Muuguzi aliyekuja kumpokea hamtazami mguu kwanza.

"Kapewa nini, na saa ngapi?"

Anapokea kile kipande cha pakiti, anakisoma mara mbili, anatazama saa yake. Wakifika hospitalini anatoa funguo na kwenda kabatini.